Alama ya Kidole Haijisemei

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunialika. Mhadhara kuhusu ushahidi wa kuaminika mara nyingi huanza na ngazi: hati iko juu ya kumbukumbu, kipimo cha maabara kiko juu ya shahidi aliyeona kwa macho, na kadhalika. Sina ugomvi na ngazi hiyo. Ubaya wake ni kutufanya tudhani kuwa uzito umo ndani ya kielelezo chenyewe, kikishafika mezani basi kazi imekwisha. Leo nataka tumtazame anayekisoma: alikuwa ameshajua nini kabla hajakisoma?

Nachukua alama za vidole kwa makusudi, maana ndizo watu wanazoziamini kuliko karibu kila kitu.

Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za abiria mjini Madrid, Hispania. Ndani ya gari lililoachwa karibu na stesheni moja, polisi walikuta mfuko wa plastiki wenye viwashio vya mabomu, na kwenye mfuko huo alama ya kidole. Picha yake ikatumwa FBI, Marekani. Kompyuta ikatoa watu 20 ambao alama zao zilikaribiana nayo, na wa 4 alikuwa wakili wa jimbo la Oregon, mwanajeshi wa zamani. Mtaalamu wa kwanza akasema ni yeye. Wa pili akasema ni yeye. Wa tatu vilevile. Katikati ya Aprili polisi wa Hispania walijibu kwamba wao hawaoni ulinganifu, lakini FBI haikubadili msimamo. Tarehe 6 Mei wakili akakamatwa. Tarehe 19 Mei mtaalamu wa nne, aliyeteuliwa na mahakama, naye akaafiki. Siku hiyohiyo Hispania ikasema imempata mwenye kidole: raia wa Algeria.

Wanne walikosea vipi kwa pamoja? Uchunguzi uliofanywa baadaye na mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani unatupa picha ya karibu. Alama ya kwenye mfuko ilikuwa hafifu. Ile ya wakili, iliyokuwa kwenye kumbukumbu, ilikuwa safi. Wataalamu walipoziweka sambamba, wakaanza kuona kwenye ile hafifu vitu walivyokwisha kuviona kwenye ile safi. Wakadai kufanana katika pointi 15. Sehemu ya juu kushoto ilikataa kulingana, wakasema hiyo huenda iliachwa na mguso mwingine, labda hata wa kidole kingine. Hutokea, sikatai. Lakini tazameni mwenendo wenyewe: kinachokubali kinahesabiwa, kinachokataa kinatafutiwa udhuru. Kwa utaratibu huo yule wakili angejinasua kwa lipi?

Tuwatendee haki, alama zile zilifanana kweli. Ila ukitafuta ndani ya kumbukumbu za mamilioni ya watu, asiyehusika anayefanana hakosi kupatikana. Kufanana ndicho ulichoiagiza kompyuta ikutafutie! Kukipata hakuwezi kuwa na uzito uleule kama ungekuwa na mshukiwa mmoja tu, uliyempata kwa njia nyingine.

Na wale wanne? Waliofuata walikuwa wanajua jibu la waliowatangulia. Mimi siwahesabu wanne. Kosa la namna hiyo, la kuhesabu vinavyotegemeana kana kwamba kila kimoja kinajitegemea, lilitokea pia Uingereza mwaka 1999, katika kesi ya Sally Clark aliyeshtakiwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Baraza la mahakama liliambiwa kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla visivyo na mkono wa mtu katika familia kama yake ni 1 kwa milioni 73. Tarakimu hiyo ilipatikana kwa kuzidisha 1 kwa 8,543 mara yenyewe, kana kwamba ndugu wa baba na mama mmoja hawachangii damu wala nyumba. Aliachiwa 2003.

Mwaka 2006 mwanasaikolojia Itiel Dror na wenzake walichapisha jaribio dogo ambalo hadi leo linanisumbua. Wataalamu 5 wa alama za vidole walipewa jozi ya alama, wakaambiwa ndiyo ile ambayo FBI iliilinganisha kimakosa katika kesi ya Madrid. Kumbe kila mmoja alipewa jozi aliyowahi kuiamua mwenyewe kazini, miaka ya nyuma, kwamba inalingana. Safari hii 3 wakasema hailingani, 1 akasema haiamuliki, na 1 tu akabaki pale pale. Wino ulikuwa uleule, na macho yaleyale.

FBI wenyewe walibadili utaratibu: mchunguzi aandike kwanza anachokiona kwenye alama ya eneo la tukio, kabla hajaiona ya mshukiwa, na akiongeza kitu baadaye kionekane kuwa kimeongezwa. Baadhi ya wataalamu wanalalamika kwamba hilo linawapotezea muda na linawashushia hadhi. La muda nawakubalia. Hilo la hadhi, ningependa kulisikia likijadiliwa nanyi kwenye maswali. Karibuni.