Ushauri Usiolipwa: Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani

Mabibi na mabwana,

Tarehe 3 Machi 1863, Marekani ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria fupi iliyounda Akademia ya Taifa ya Sayansi yenye wanachama 50. Sheria hiyo ina sharti moja ambalo naomba tulitazame kwa makini: idara yoyote ya serikali ikiiomba, Akademia itachunguza na kutoa taarifa juu ya jambo lolote la sayansi, na gharama za uchunguzi zitarudishwa, lakini haitapokea ujira wowote kwa utumishi huo.

Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa dira za meli, kwa kuwa meli za kivita sasa zilijengwa kwa chuma, na chuma hicho kiliivuta sindano ya dira ikaacha kuelekeza sawasawa.

Mfano unaonigusa zaidi, hata hivyo, ni wa 1878. Maeneo ya magharibi ya Marekani yalikuwa yakipimwa na misafara mitatu iliyoshindana, mmoja wa jeshi na miwili ya raia, kila mmoja ukigombea fedha zilezile za Bunge. Bunge likaomba ushauri. Akademia, ambayo haikuwa na mshahara wa kupoteza, ilipendekeza kazi hiyo iunganishwe chini ya mamlaka ya kiraia. Bunge halikukubali yote, lakini tarehe 3 Machi 1879 Idara ya Jiolojia ya Marekani ilizaliwa.

Sharti hilo lina udhaifu wake, kwani anayengoja kuombwa huweza kungoja muda mrefu. Ndiyo maana mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, Akademia yenyewe ilimwendea Rais Woodrow Wilson kujitolea, na likaundwa Baraza la Taifa la Utafiti, lililowaingiza pia wahandisi na wataalamu wa viwandani.

Udhaifu mwingine, nao kwangu ni mzito zaidi, ni kwamba wanachama waliopo ndio huwachagua wapya. Mwanamke wa kwanza, Florence Sabin, alichaguliwa 1925. Mmarekani Mweusi wa kwanza, mwanahisabati David Blackwell, alichaguliwa 1965, wakati Akademia iliyopewa jina la taifa zima ilikuwa na umri wa miaka 102.