Siku ya Kwanza Kwenye Ukuta wa Kupanda: Fundo, Kamba na Anayekushika

Habari zenu watazamaji. Video hii tunaitengenezea Moshi, kwa hiyo tuanze na swali ambalo wagumu, wale wabeba mizigo wa Kilimanjaro, lazima waulize: mtu aliyefika Uhuru mara kumi, ukuta wa mita kumi ndani ya ukumbi utamshinda nini? Pumzi haitamshinda. Lakini Uhuru, pamoja na mita zake 5,895, inafikiwa kwa miguu. Ukuta ni jirani zaidi wa Mawenzi, kilele kingine cha Kilimanjaro, ambako mwamba unadai kamba na mtu wa kuishika. Tutakaa sana kwenye hiyo kamba.

Maandalizi ya nyumbani ni mafupi. Kata kucha, za mikono na za miguu. Vua pete, hata ya ndoa: mguu ukiteleza na pete imenasa kwenye kishikio, uzito wote unaning'inia kwenye kidole kimoja, na pete inaweza kuvua ngozi kama soksi. Vaa suruali inayovutika. Rasta zifungwe nyuma, na ncha za mtandio zichomekwe ndani ya fulana, kwa sababu kifaa cha kushikia kamba kikishameza nywele au kitambaa hakitemi mpaka kamba ilegezwe, na wakati huo kamba ina mtu juu.

Viatu utaazima au kukodi hapohapo. Kidole gumba kiguse mbele na kujikunja kidogo. Kikiuma, omba namba inayofuata. Ukivikuta vya mitumba pale soko la Memorial na soli bado ina mpira, chukua. Ila mkanda wa kupandia, ule unaovaliwa kiunoni na mapajani, au kamba ya mitumba usinunue hata kwa bei ya nyanya, na ule uliopewa na mgeni baada ya safari usiuvae kabla haujakaguliwa. Nailoni inachoka kwa jua, na tindikali ya betri inaiua bila kuacha alama unayoweza kuiona. Mkanda uliosafiri nyuma ya pikapu pamoja na betri ya gari unaweza kuonekana mpya kabisa.

Sasa vaa mkanda. Kiuno kikae juu ya mifupa ya nyonga, si chini yake kama suruali ya kata K. Kaza mpaka kiganja kilichonyooka kipite kwa shida na ngumi isipite. Ukiweza kuuvuta ukashuka nyongani, haujakazwa: ukigeuka kichwa chini utachomoka. Mapajani acha nafasi ya vidole viwili. Tazameni mbele: kuna vitanzi viwili, cha juu kiunoni na cha chini kati ya mapaja, na pete ya mkanda inayoviunganisha. Kamba yako inapita kwenye vile vitanzi viwili. Pete ya katikati hutumiwa na mshikaji, yaani mwenzako aliye chini anayeshika upande wa pili wa kamba.

Fundo la nane. Sitisha video hapa uchukue kamba. Pima kutoka ncha urefu wa mkono mmoja ulionyooka hadi bega la upande wa pili. Hapo kunja kitanzi, zungusha ncha nyuma ya kamba, irudishe mbele uipenyeze ndani ya kitanzi. Umepata namba nane. Ukiona umbo la yai lenye mkia mmoja, hukuzungusha vya kutosha. Fungua uanze upya. Sasa penyeza ncha kwenye kitanzi cha chini cha mkanda, kisha cha juu, mpaka ile nane isogee karibu na tumbo. Kutoka hapo ncha inafuata njia ileile ya kamba ya kwanza, bega kwa bega, kona kwa kona, kama gari linalovutwa nyuma ya jingine. Usiiache ivuke juu ya mwenzake.

Hesabu. Fundo kamili lina jozi tano za kamba zinazolala sambamba. Kaza kila ncha peke yake. Mkia unaobaki usipungue sentimita 20, na uwazi kati ya fundo na mkanda utoshe ngumi tu.

Kosa kubwa hapa si ugumu wa fundo. Ni kusalimiwa. Mtu anapenyeza ncha, rafiki anaita, anageuka kujibu, akirudi anaona kamba ipo kiunoni na anadhani amemaliza. Lynn Hill wa Marekani, mmoja wa wapandaji hodari kabisa duniani, mwaka 1989 huko Buoux, Ufaransa, aliacha fundo katikati hivyo hivyo. Alipojiegemeza ili ashushwe, alianguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yalimwokoa. Kwa hiyo ukianza fundo, usiitike hodi ya mtu.

Mshikaji sasa, na hatusemi mshikaji wa kijiweni. Anakunja kamba, anaisukuma kwenye tundu la kifaa cha kushikia kamba, anapitisha karabina (pete ya chuma yenye mlango) kwenye mkunjo wa kamba pamoja na waya wa kifaa, anaifunga kwenye pete ya katikati, kisha anazungusha skrubu inayofunga mlango wa karabina. Aibonyeze karabina; ikifunguka, skrubu haijafungwa. Mkono wa chini ndio breki. Mwendo ni huu: vuta kamba juu, ishushe chini ya kifaa, mkono mwingine uje ushike chini ya breki, kisha breki iteleze kurudi karibu na kifaa bila kuachia. Mikono inabadilishana kazi, lakini breki haibaki mtupu hata sekunde moja. Siku ya kwanza hutamshika mtu kabla mkufunzi hajakuona ukirudia mwendo huo mara nyingi, naye ameshika mkia wa kamba nyuma yako.

Kabla ya kuondoka chini, kila mmoja amkague mwenzake kwa vidole, si kwa macho tu: bizimu, vitanzi viwili, jozi tano, skrubu. Kisha maneno. "Umenishika?" "Nimekushika." "Napanda." "Panda." Ukitaka kupumzika: "Kaza." Ukitaka kushuka: "Nishushe." Neno "poa" liacheni nje, maana halisemi kaza wala shusha.

Panda mita mbili tu, sema "Kaza", ukae kwenye kamba kama kwenye kiti. Kama kuna kilichokosewa, ni bora ukijue hapo. Kisha endelea. Kanyaga kwa ncha ya kiatu, si kwa katikati ya unyayo, ili mguu uweze kugeuka. Nyoosha mikono ukiwa umetulia. Mkono uliokunjwa unachoka kwa sababu msuli unabeba kile ambacho mfupa ungebeba bure. Mgumu wa mlimani anakosea hapa: anajivuta kwa mikono kama anapandisha mzigo kwenye gari, na dakika ya pili vidole havifungi tena. Sukuma kwa miguu.

Kushuka: jiegemeze nyuma, miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, ukitembea ukutani kinyumenyume. Usikumbatie vishikio wala usikamate kamba ya upande wa mshikaji. Pumzika dakika tatu kabla ya zamu nyingine. Zamu tano au sita zinatosha.

Kabla ya kurudisha mkanda, pitisha kidole kwenye ile pete ya katikati. Ukikuta uzi umekatika, usiutundike na mingine. Mpe mhudumu mkononi umwonyeshe mahali.