Mwalimu Aliyezifidia Ndondi

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, wasanii,

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili: kwa kampuni ya maigizo, elimu si kazi ya pembeni. Nitalisema tena, maana fedha zikipungua kampuni za maigizo bado zinaanza kwa kufyeka ziara za mashuleni, kana kwamba elimu ni pambo.

Tazameni Ashland, mji mdogo wa jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka 1935, uchumi ukiwa umedorora, Angus Bowmer alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu pale. Mjini palikuwa na kuta kuukuu za ukumbi wa mihadhara ulioondolewa paa. Alipoziangalia, aliona majumba ya maigizo ya London ya zama za Shakespeare. Akawaendea wakuu wa mji: sherehe za uhuru za Julai 4 zinakuja, niacheni niweke michezo miwili ya Shakespeare. Wakamkubalia fedha zisizozidi dola 400. Kisha hofu ikawaingia, Shakespeare atatutia hasara! Wakataka mchana pawe na ndondi papo hapo jukwaani, ili viingilio vyake vizibe pengo. Bowmer akakubali bila kinyongo. Hesabu zilipofungwa, ndondi ndizo zilizopata hasara, na maigizo yakazifidia!

Na hao waigizaji walitoka wapi? Hawakuagizwa mbali. Wengi walikuwa wanafunzi na walimu. Darasa ndilo lililoizaa Oregon Shakespeare Festival, kampuni iliyokuja kupata Tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Marekani, kwa majumba ya maigizo ya mikoani mwaka 1983, na ambayo kwa miaka mingi imepeleka waigizaji wawiliwawili mashuleni. Sasa mtu aniambie elimu ni kazi ya pembeni!

Najua mtakaloniuliza: lugha ile si ngumu kwa watoto? Ni ngumu ukiwapa waisome kimyakimya. Mstari wa kawaida wa Shakespeare una silabi 10, nyepesi na nzito zikipokezana mara tano. Mtoto aliyeghani shairi la mizani 16, nane kwa nane, ana sikio tayari. Mpe mstari wenye guni, yaani uliokosea mizani, atashtuka kabla hujamweleza. Mwalimu Nyerere alilijua hilo. Tafsiri yake ya Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare, ilitoka mwaka 1963, tayari akiwa Rais, na hakuifanya hadithi ya nathari. Aliiacha katika mistari, isemwe kwa sauti.

Basi chukua hotuba za mazishi za mchezo huohuo. Mmoja awe Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, mwingine awe Antony, rafiki wa Kaisari, na darasa zima liwe umati wa Roma. Brutus akimaliza, watoto wanamshangilia. Antony akianza wanamzomea. Akifika kwenye wasia wa Kaisari, wamegeuka, wanataka nyumba zichomwe. Hapo wasimamishe uwaulize: ni neno lipi lililowageuza? Watabishana mpaka kengele ilie. Hakuna jaribio la kuchagua jibu sahihi litakalowafikisha hapo.

Nilikusudia kuzungumzia viingilio vya wanafunzi na mafunzo ya walimu, ila muda umenibana. Nina ombi moja kwa wenye kampuni: mkikaa kuchagua michezo ya msimu, watu wa idara ya elimu wawe mezani tangu siku ya kwanza. Msiwaite michezo ikiwa imeshachaguliwa, waambiwe wakatafute shule za kujaza viti.

Maswali sasa. Walimu waanze.