Jambazi: anayecheza na roho yake

Mabibi na mabwana, neno letu jioni hii ni jambazi. Pale mlangoni nimekwisha kuulizwa kama limetokana na jambo. Hapana, jambo halimo kabisa. Likateni hivi: jan, halafu baz.

Ni Kiajemi hicho. Jan ni roho, uhai. Baz ni mwenye kuchezea kitu. Afugaye njiwa wa kushindanisha ni kabutarbaz, kwa kuwa kabutar ni njiwa. Basi janbaz ni yule anayeichezea roho yake mwenyewe. N ikikutana na b hugeuka m mdomoni. Waturuki nao yaliwapata hayo hayo, wakaandika cambaz. Sisi tukamalizia na i, maana Kiswahili hakina raha na neno linaloishia kwa konsonanti.

Sasa tazameni lilikoishia. Uturuki, cambaz ni mcheza sarakasi, yule anayetembea juu ya kamba watu wakishika vifua. Iran, janbaz ni jina la heshima la aliyerudi na ulemavu kutoka vita vya 1980 hadi 1988 kati yao na Iraq. Bara Hindi, ambako Kiajemi kilikuwa lugha ya serikali hadi miaka ya 1830, ni sifa ya shujaa. Likaja pwani kwetu kwa njia zile zile zilizotuletea bandari, serikali na bima, na huku sasa ni mtu anayevunja mlango wako saa nane za usiku kwa jiwe la fatuma.

Msidhani ule ushujaa umepotea njiani. Mimi nasema umo bado. Mwizi anakuombea usingizi mzito. Kibaka anakwapua simu na kutoka mbio, na mtaa mzima unamfukuza. Jambazi ndiye anayekuamsha mwenyewe, tena mtaa mzima unajifungia ndani. Anajua anaweza kupigwa risasi, na bado amekuja. Ameiweka roho yake mchezoni. Balaa ni kwamba ameiweka na yako.

Nadhani hata umbo limelisaidia. Jambazi, majambazi: sikio la Mswahili linaliweka pamoja na jizi na jitu, vitu vilivyokuzwa hadi vikatisha, ingawa hiyo ja si kiambishi cha ukubwa hata kidogo.

Mahakamani, lakini, halimo. Msome hati ya mashtaka ya Tanzania: mshtakiwa ameshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, kifungo kisichopungua miaka 30. Sheria imelikwepa kwa sababu inahesabu bunduki, panga na mali iliyochukuliwa. Ujasiri wa mtu haiuhesabu. Magazeti ndiyo yanayoandika majambazi, na hukumu huwa bado haijasomwa.

Haya, naona mkono umenyooshwa kule nyuma. Kama ni haramia, hilo ni la Kiarabu.