Namna ya Kumtambua Chura Mdogo wa Matete kwa Umbo na Mlio Wake

Karibuni, watazamaji. Tupo Mabogini, nje kidogo ya mji wa Moshi, kando ya mfereji wa mashamba ya mpunga, tukimtafuta chura mdogo wa matete ambaye wataalamu humwita Hyperolius viridiflavus, jina alilopewa mwaka 1841.

Fikeni kabla jua halijazama ili mjue mahali pa kukanyaga. Giza likishaingia, simameni kimya kwa dakika chache bila kuwasha tochi. Wanaoita ni madume, na kila mmoja hutoa mlio mfupi na mkali, kama kijiko kinapogonga glasi, akiurudia tena na tena. Wakiwa wengi, milio huchanganyika hata mtu asijue inatoka upande gani. Chagueni mlio mmoja ulio karibu, muusogelee polepole, na ukikatika msubiri hapo hapo mpaka uanze tena.

Sasa mulikeni mashina ya matete kuanzia usawa wa maji kwenda juu. Huyu hapa. Urefu wake ni kama sentimita tatu tu. Ncha za vidole zimetanuka kuwa visahani vinavyonata, ndivyo vinavyomshikilia kwenye shina laini, na anapoita kifuko cha kooni hujaa hewa kikakaribia ukubwa wa mwili wake. Msimshike, hasa mkiwa mmejipaka dawa ya mbu, kwa maana ngozi yake hufyonza chochote kinachoigusa.

Rangi huwapotosha wengi. Wapo wenye mistari na wapo wenye madoa. Wachanga na baadhi ya madume huwa wa kahawia iliyofifia, na anayekaa juani mchana hupauka akakaribia kuwa mweupe. Kwa hiyo mimi huanza na jicho: mboni yake imelala, ilhali ya jamaa zake wa jenasi ya Afrixalus, ambao nao hupenda matete, imesimama wima.

Mkianza kurekodi kwa simu, zimeni mtandao, kisha tamkeni tarehe, saa, mahali na joto la hewa, kwa kuwa joto hubadilisha kasi ya mlio. Rekodini dakika mbili mfululizo. Mkifika nyumbani, sikilizeni kwa spika za masikioni, na mkisikia sauti ya kukwaruza nyuma ya ile ya kugonga, iandikeni peke yake, kwani huenda ni ya Afrixalus.