Gerald Bostock Baada ya Miaka Arobaini: Mashabiki na Mwendelezo wa "Thick as a Brick"

RAJABU: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Mimi ni Rajabu, na kama ilivyo ada niko na Dada Neema. Leo tunazungumzia albamu mbili zilizotenganishwa na miaka arobaini. Ya kwanza ni "Thick as a Brick" ya bendi ya Uingereza iitwayo Jethro Tull, iliyotoka Machi 1972. Ya pili ni mwendelezo wake, "Thick as a Brick 2", ambao kiongozi wa bendi hiyo, Ian Anderson, aliutoa Aprili 2012 kwa jina lake mwenyewe. Mazungumzo yetu yatawahusu hasa mashabiki, kwa sababu ubishi ulioanza siku mwendelezo huo ulipotoka haujakatika mpaka leo.

NEEMA: Ahsante, Kaka Rajabu. Nadhani ni haki kuanza na albamu ya kwanza, kwa kuwa asiyeijua hataelewa kwa nini watu wazima, wengine wenye wajukuu, walikasirika au walitokwa na machozi kwa ajili ya santuri. Mwaka 1971 Jethro Tull walikuwa wametoa "Aqualung", na waandishi wengi wa muziki wakasema kwamba nyimbo zake zote zinasimulia dhana moja. Anderson alikataa. Akaamua kwamba ikiwa watu wanataka albamu yenye dhana moja, atawapa iliyo kubwa kuliko zote, na ndani yake ataifanyia mzaha desturi yenyewe ya roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye miundo tata, ya kupenda mambo makubwa. Mzaha huo ukawa mojawapo ya kazi bora kabisa za aina ile ya muziki.

RAJABU: Na ilikuwa wimbo mmoja tu.

NEEMA: Wimbo mmoja wa zaidi ya dakika arobaini, uliokatwa katikati kwa sababu santuri ina pande mbili. Wazazi wetu waliokuwa wakinunua santuri ndogo za dansi na rumba ya Kongo wanaukumbuka utaratibu huo: wimbo unafika katikati, unafifia, unainuka na kuigeuza santuri, kisha unaendelea pale ulipoishia. Tofauti ni kwamba hapa kila upande ulibeba zaidi ya dakika ishirini za filimbi, gitaa, kinanda na ngoma zinazobadilisha mwendo kila unapodhani umeuzoea. Mashairi yake yalidaiwa kuandikwa na mtoto wa miaka minane aitwaye Gerald Bostock, na jina lake likaandikwa kuwa mtunzi pamoja na Anderson. Gamba la santuri lilikuwa gazeti kamili la mji mdogo wa kubuni, kurasa 12, lenye habari, matangazo ya biashara na fumbo la maneno. Anderson mwenyewe amesema kwamba gazeti lile liliwachukua muda mrefu kuliko muziki.

RAJABU: Na katika ukurasa wa mbele wa gazeti hilo ndipo kisa chenyewe kilipo. Gerald ameshinda shindano la ushairi, kisha anavuliwa ushindi baada ya watu kulalamikia shairi lake, na wataalamu wa saikolojia wanaitwa kueleza kwamba akili ya mtoto huyu haiko sawa. Wapo wasikilizaji wa wakati ule walioamini kwamba Gerald ni mtoto wa kweli. Nami nawaelewa, Dada Neema, kwa sababu mtoto mwerevu anayenyamazishwa na wakubwa tunamfahamu sote, kila mmoja kwa jina lingine. Albamu ilifika nafasi ya kwanza Marekani, jambo lisilotarajiwa hata kidogo kwa wimbo usioweza kuchezwa mzima redioni.

NEEMA: Sasa basi, vuta picha ya kijana aliyeinunua santuri ile mwaka 1972 akiwa na miaka kumi na sita. Mwaka 2012 ana miaka hamsini na sita. Anderson, aliyekuwa na miaka 24 alipoitoa, sasa ana 64. Halafu anatangaza kwamba atajibu swali moja: Gerald Bostock alipatwa na nini?

RAJABU: Na jibu lake halikuwa moja. Hapo ndipo ninapoupenda mwendelezo huu kwa moyo wote. Anderson alikataa kutuambia kwamba Gerald alikuwa hivi au vile, akatufungulia njia tano. Katika njia moja Gerald ni mtu wa benki mwenye tamaa ya fedha. Katika nyingine hana makazi, analala mitaani. Katika ya tatu ni mwanajeshi, katika ya nne ni mhubiri anayewakamua waumini wake, na katika ya tano ni mtu wa kawaida mwenye duka la mtaani, ana mke na hawakujaliwa mtoto. Kila njia inapewa nyimbo zake, kisha zote zinakusanywa mwishoni.

NEEMA: Nyimbo 17. Hilo ndilo lalamiko la kwanza la mashabiki, na mimi silidharau. Walisema: mlitupa mto mmoja, sasa mnatuletea ndoo kumi na saba.

RAJABU: Nimelisikia lalamiko hilo mara nyingi, nami naona halikusikiliza vya kutosha. Nyimbo zile zinapokezana bila ukimya mrefu, na milio ya albamu ya kwanza inachomoza humo mara kwa mara, filimbi ikigusa mstari unaoufahamu kisha ikiondoka kabla hujausema. Aliyechanganya sauti ni Steven Wilson, mwanamuziki aliyezirekebisha upya kazi kadhaa kongwe za roki ya progresivu kwa uangalifu mkubwa, na anajua namna ya kuziacha ala zipumue. Zaidi ya hayo, muundo unafuata kisa. Gerald wa mwaka 1972 ni mtoto mmoja aliye na maisha yake yote mbele, kwa hiyo wimbo mmoja unamtosha. Gerald wa 2012 amegawanyika katika maisha aliyoishi na yale ambayo angeweza kuyaishi. Hawezi tena kuwa wimbo mmoja.

NEEMA: Hoja hiyo naikubali. Lakini lalamiko la pili halijibiki kwa muundo. Kwenye gamba la 2012 kuna jina la Ian Anderson, likitanguliwa na la Jethro Tull kama utambulisho wake, na Martin Barre hayumo. Wasikilizaji wasiomjua Barre wafahamu kwamba alikuwa mpiga gitaa wa bendi hiyo tangu mwishoni mwa 1968. Kati ya watu watano waliorekodi albamu ya kwanza, Jeffrey Hammond aliacha besi katikati ya miaka ya sabini akarudi kwenye uchoraji, na John Evan wa kinanda na Barriemore Barlow wa ngoma wakatoka mwaka 1980. Walibaki wawili, Anderson na Barre, na wakabaki pamoja kwa miaka mingine thelathini. Halafu siku ya kurudi kwenye kazi ile kubwa, mmoja wao hayupo. Kaka Rajabu, mashabiki waliosema kwamba hawatainunua albamu hiyo hawakuwa wakaidi. Walikuwa wakiomboleza.

RAJABU: Florian Opahle alipiga gitaa vizuri sana katika albamu ile.

NEEMA: Alipiga vizuri, na hakuna shabiki mwenye masikio atakayelikataa hilo. Hata hivyo gitaa la Barre lina uzito wake, lina namna ya kuingia kwa ukali baada ya Anderson kumaliza mstari mpole, na sikio lililoishi na mlio huo kwa miaka arobaini linausubiri. Mimi mwenyewe nilipousikiliza mwendelezo mara ya kwanza nilijikuta nikiusubiri katika sehemu tatu au nne, na haukuja. Nilizima, nikaenda kuisikiliza ya mwaka 1972 mpaka usiku.

RAJABU: Ukarudi lini?

NEEMA: Baada ya miezi kadhaa, na kilichonirudisha ni wimbo wa mwanajeshi. Unaitwa "Wootton Bassett Town". Wootton Bassett ni mji wa kweli katika jimbo la Wiltshire. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2011 miili ya wanajeshi wa Uingereza waliokufa Irak na Afghanistan ilishushwa katika uwanja wa ndege za kijeshi wa Lyneham, ikapitishwa katika barabara kuu ya mji huo. Watu wa mji walitoka wenyewe, bila kuamriwa na yeyote, wakasimama kimya kando ya barabara kila msafara ulipopita. Kwa ajili ya utu huo mji ulipewa heshima ya kuitwa wa kifalme mwaka 2011. Anderson akamweka Gerald wake ndani ya jambo hilo, jambo ambalo wasikilizaji wake wa Uingereza walikuwa wamelishuhudia kwa macho yao miezi michache tu iliyopita. Hapo nikaelewa kwamba mtu huyu hakurudi kuchimba kaburi la ujana wake ili auze mifupa. Alikuwa na la kusema kuhusu nchi yake ya sasa: benki zilizowaangusha watu, vita vya mbali, wahubiri wa fedha, watu wanaolala nje.

RAJABU: Umelisema vizuri kuliko nilivyokuwa nimeliandika. Tena lipo la gazeti. Mwaka 2012 gazeti la mji wa Gerald lilitoka tena, ila safari hii likawa la intaneti. Baadhi ya mashabiki walisikitika, walitaka karatasi ya kushika mkononi. Mimi naona hilo ni kweli ya wakati: magazeti madogo ya miji ya Uingereza yalikuwa yakifa yakihamia kwenye mitandao, na la Gerald likafuata njia hiyohiyo.

NEEMA: Kuhusu sauti ya Anderson je? Wengi waliilalamikia.

RAJABU: Sauti yake iliharibika katikati ya miaka ya themanini na haikurudi ilivyokuwa. Kila anayempenda analijua hilo na linamuuma. Katika albamu hii aliandika miziki inayokaa ndani ya uwezo wake, anasimulia zaidi kuliko kupaza, na katika ziara iliyofuata, ambamo albamu zote mbili zilipigwa nzima jioni moja, alisaidiwa kuimba na kijana Ryan O'Donnell. Jukwaani mistari ya ujana iliimbwa na kijana na ile ya utu uzima ikaimbwa na mzee. Waliofika ukumbini wakiwa na hasira ya Barre, na nimezungumza na mmoja wao, waliona kwamba jioni ile ilikamilisha kile ambacho kusikiliza nyumbani hakukuweza. Rekodi ya ziara hiyo, iliyofanyiwa Iceland na kutolewa mwaka 2014, inafaa sana kwa asiyeshawishika.

NEEMA: Mimi bado naishikilia huzuni yangu ya Barre, na siombi radhi kwa hilo. Bendi si jina la mtu mmoja hata kama mtu huyo ndiye mtunzi. Lakini nimeacha kuitumia huzuni hiyo kuupima muziki. Kuna wimbo karibu na mwisho unaoitwa "Kismet in Suburbia". Neno la kwanza la jina hilo ni ndugu wa kisimati yetu, yote mawili yametokana na Kiarabu, na maana ya asili ni fungu, kile ulichogawiwa. Hapo Gerald wote watano wanafika mahali panapofanana. Aliyekuwa tajiri na aliyekuwa hana kitu wote wanaishia katika upweke wa utu uzima, kwenye viunga vya mji. Mashabiki wengine waliuona mwisho huo kuwa wa kukatisha tamaa. Walitaka Gerald ashinde, angalau mmoja kati ya watano, kwa sababu waliwahi kumpenda akiwa na miaka minane.

RAJABU: Na pengine kwa sababu walikuwa wakijipima wenyewe. Shabiki wa miaka hamsini na sita anayemsikiliza mtu wa benki, mhubiri, mwanajeshi, asiye na makazi na mwenye duka, lazima atajitafuta mle ndani. Nadhani hapo ndipo ubishi wote ulipozaliwa, na ndiyo maana ulikuwa mkali kuliko ubishi wa kawaida kuhusu santuri. Mwendelezo uliwauliza swali kuhusu miaka yao arobaini, nao hawakuwa wamekuja kuulizwa. Ngoja nami nikuulize, Dada Neema: wewe unamchagua Gerald yupi?

NEEMA: Mwenye duka. Ndiye anayetajwa kidogo zaidi na mashabiki, kwa kuwa hana kashfa wala msiba mkubwa. Anafungua duka, anafunga, na jioni anajishughulisha na treni zake ndogo za mchezo. Lakini ninapomsikiliza, namwona akiwa na santuri ya zamani kwenye rafu nyuma ya kaunta, gamba lake la gazeti limechakaa kwenye mikunjo, na kila baada ya siku kadhaa, wateja wakipungua, anaishusha. Kisha gitaa lile la kwanza linaanza, lilelile ambalo Anderson anarudi kulipiga mwishoni kabisa mwa albamu ya pili.