Chipu hufungwa mara moja: mhadhara kwa watengenezaji wa vifaa, Lubumbashi

Jambo yenu, ndugu zangu. Aksanti kwa kuja.

Chukueni kisanduku cha kupima maji ya tangi, kile kinachotuma vipimo kwenye seva kupitia mtandao wa simu. Mtu akikiiba kule Katuba, akakifungua na kuchomeka waya wa bei ndogo, mara nyingi atasoma kumbukumbu yote, neno la siri la seva likiwamo. Na wengi wetu tunaweka neno lile lile katika visanduku vyote. Ameiba kimoja, amepata vyote. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Hakuna aliyehitaji hata kuiba.

Dawa ni hii hapa: ATECC608 ya kampuni ya Microchip, chipu ndogo inayotunza ufunguo wa siri ndani yake ili usisomwe kwa waya. Ina miguu minane, sisi tunatumia minne: umeme, ardhi, SDA inayopitisha data, na SCL inayopiga mapigo ya saa. Inakubali volti 2 hadi 5.5. Nyaya hizo mbili za mwisho ndizo I2C, njia ya chipu kuzungumza na chipu; anwani yake ya kawaida humo ni 0x60, na msipoiona msikimbilie kuitupa. Inalala. Shusheni SDA kwa mikrosekunde 60 au zaidi, itaamka.

Sasa tazameni ukutani. Naiomba namba nasibu, yaani isiyotabirika, ambayo ufunguo hutengenezwa kwayo, inajibu FF FF 00 00, FF FF 00 00. Dada pale nyuma anacheka, lakini chipu si mbovu. Ni mpya, kanda yake ya usanidi, yaani sehemu ya kumbukumbu yenye masharti yake, haijafungwa, na kabla ya hapo haitoi nasibu ya kweli. Kwa hiyo hakuna ufunguo wa kuzalisha bado.

Kufunga ndiko kunakotisha. Kanda hiyo ni baiti 128, zinazosema kila moja ya nafasi 16 za chipu za kuwekea funguo na data inaruhusiwa nini. Ukishafunga, hakuna kufungua, hata kiwandani. Andikeni usanidi kwenye faili, usomeni tena kutoka ndani ya chipu, linganisheni baiti kwa baiti. Amri ya kufunga inaweza kupewa CRC, hesabu fupi ya kuhakiki baiti zote, isipolingana na yaliyomo chipu inakataa. Ipo njia ya kuiruka hesabu hiyo. Mimi siiruki, na nanyi nunueni chipu za ziada za kuharibia.

Baada ya hapo mambo ni mepesi: ufunguo wa siri unazaliwa ndani na hautoki, mnapewa mwenzake, ufunguo wa hadharani wa baiti 64, mnautolea cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali. Chipu inatia saini kwa ufunguo wa siri, seva inaihakiki kwa ule wa hadharani, na hivyo inakitambua kisanduku.

Ila mwizi aliyeshika kisanduku chenyewe bado anaweza kuiamuru chipu itie saini. Seva lazima iweze kukataa cheti cha kisanduku kimoja bila kuzima vingine.

Kaka ameuliza: chipu ikiungua, ufunguo tutaupata wapi? Hamuupati. Mnazalisha mwingine kwenye chipu mpya, mnafuta cheti cha zamani. Kila chipu ina namba yake ya baiti tisa. Iandikeni daftarini, pamoja na tangi lake.

Haya, mwenye nyaya na kompyuta aje mbele.